Ile Citerne ya Mazutu na Jina ya Papa Issaka

Basikilizaji bangu, hii barua ilinifikia mu mwezi wa sita. Sikuisoma ku micro ile wakati, juu redio inasikiwa na batu bote, hata benye bunduki, na mama aliyeiandika alikuwa na sababu ya kuogopa. Nilimujibu kwa mukono, na jibu ilipelekwa na mutu ninayemuamini. Leo yeye mwenyewe ameniruhusu nisome yote: barua yake, jibu yangu, na habari iliyofuata. Majina nimebadilisha, na quartier sitaitaja. Sikilizeni mpaka mwisho, surtout nyinyi munaoishi mu nyumba za zamani za bazungu.

*Butembo, tarehe 9 mwezi wa sita 2001*

Mama Joyeuse, mushauri wetu,

Nakusalimia, na nasalimia batu bote ba nyumba yako. Naomba unisikilize kwa uvumilivu juu barua yangu ni ndefu, na niko na kitu moyoni sijaambia mutu isipokuwa bwana yangu Muyisa, na yeye akisikia ninaanza kuiongea anatoka nje. Kwanza ninashukuru Mungu, juu batoto bangu ine bako bazima, na shemeji yangu Melchior iko muzima, na ungeona vile mambo ilikuwa ungesema haiwezekani. Mais ile shukrani yenyewe njo inaniumiza, juu mutu aliyetuokoa ni mutu niliyemufanyia mubaya, na yeye anajua, na hajasema neno.

Tunaishi mu nyumba ambayo baba ya bwana yangu alinunua kwa muzungu mumoja mwenye shamba ya kinini, miti ya dawa ya malaria, wakati ule muzungu alirudi kwao. Unajua baridi ya Butembo asubuhi, na ule muzungu alikuwa mutu wa kuogopa baridi, donc alitengeneza chauffage sawa ya kwao Ulaya: mu kila chumba alitia vyuma ya kupasha moto, mu cave, chumba ya chini ya nyumba, akatia mashini, na nje, nyuma ya jikoni, akazika chini ya udongo citerne kubwa, tangi ya chuma ya mazutu, ile mafuta ya dizeli, ya kulisha ile mashini. Sisi hatukuiwasha hata siku moja. Ile vyuma ya mu vyumba tunaanikia nguo ya batoto wakati wa mvua. Na citerne tulijua tu kama iko, juu kuko mufuniko ya chuma mu majani. Muzee, baba ya bwana yangu, wakati wa pillages, batu ba bunduki wakipora mali mu muji, alificha mule mazutu na essence ya biashara yake, kisha akafariki, na hakuna mutu aliyeuliza nini ilibakia mule.

Mwaka jana, mu mwezi wa ine, maji ya source, chemchemi yetu, ilianza kunuka. Ile source iko chini ya parcelle yetu, kiwanja ya nyumba, mu bonde, njo bamama bote ba avenue banachota pale. Ukijaza bidon, juu ya maji unaona rangi rangi, na chai inakuwa na ladha ya petrole, na batoto ba jirani bakaanza kulia tumbo. Ile wakati mu avenue yetu kulikuwa familia moja ya Baislamu, Papa Issaka na muke yake Mama Hadjara. Papa Issaka ni transporteur, anapeleka mizigo kati ya Butembo na Beni, na camion yake alikuwa anaisimamisha ku njia, karibu na ukuta wetu. Mama Hadjara alikuwa anauza chai na mikate mbele ya mulango yake, na batoto bangu wakienda masomo balikuwa banapita kwake kila asubuhi, na hakuwahi kubarudisha mikono mitupu.

Chef d'avenue, mukubwa wa mutaa, akaitisha mukutano. Batu balikuwa na hasira, juu mu hii vita kila kitu kibaya banatafuta nani ameileta. Mumoja akasema ni camion ya ule Muislamu njo inamwanga mazutu na mvua inaishusha ku source. Mwingine akasema labda anafanya makusudi. Chef akauliza kama kuko mutu aliyeona kwa macho yake. Mama Joyeuse, mimi njo nilisimama. Nilisema: « Niliona siku moja anabadilisha huile ya camion, pale ku njia. » Na ilikuwa kweli. Lakini niliona pia vile alitandika gunia chini, na vile alitia huile chafu yote, ile oili ya mashini, mu bidon na akaibeba, na hiyo sikusema. Na kuko kitu ingine sikusema. Juma mbili mbele ya ule mukutano nilikuwa nalima nyuma ya jikoni, chini kidogo ya ile mufuniko, na jembe ikatoa udongo mweusi, unanuka mazutu, ukiufinya unaacha mafuta ku vidole. Nilirudisha udongo na mikono yangu, nikaenda kupanda lengalenga upande mwingine.

Bakamupatia siku tatu za kutoka. Hakugombana. Alipita ku kila mulango kuaga, hata ku mulango ya ule aliyemusema mubaya, na kwetu aliniambia tubaki muzuri, na kama niko na kitu ya kutuma kwa dada yangu Vagheni kule Beni, nisisite, camion itakuwa inapita. Balienda kupanga nyumba Bungulu, kule Beni, si mbali na kwa dada yangu. Na kweli, toka ile siku, kila mwezi alikuwa ananiletea barua ya dada yangu, anaiacha ku mulango ya parcelle na anaenda. Mais harufu ya source haikuisha. Batu balisema itachukua wakati. Mimi nilikuwa nachota maji ku source ingine, mbali, ng'ambo ya kilima, na hakuna mutu aliyeniuliza sababu.

Sasa sikia ile iliyotufikia mwaka huu. Mu mwezi wa tatu kulikuwa siku za risasi. Ndege zilikuwa zinashuka ku uwanja wa ndege wa Rughenda moja nyuma ya ingine, zinaleta basoda na silaha, na habari ilikuwa inatembea kama vita itaingia mujini. Kila familia ilikuwa inatafuta mahali pa kuficha batoto. Melchior, mudogo wa bwana yangu, njo alifikiri juu ya citerne. Alisema ni chuma tupu, iko chini ya udongo, risasi haiwezi kufika, na tukitia majani juu ya mufuniko hakuna musoda atakayejua. Bwana yangu alipenda ile mawazo, na mimi pia nilipenda, siwezi kudanganya. Tulivunja vis za mufuniko, ile skrubu zenye kutu, siku ya posho, Jumamosi, saa ine ya asubuhi. Harufu ilitoka nzito, Séphora, binti yangu mukubwa, akasema kichwa inamuuma, nikamwambia ni harufu tu, atazoea.

Melchior alisema ataingia kwanza yeye, afagie chini, kisha batoto bataingia mumoja mumoja bajifunze kushuka mbio. Batoto balikuwa bamesimama mu mustari karibu na mufuniko, kila mumoja na blanketi yake. Ngazi yetu ilikuwa fupi, donc Melchior akajifunga kamba chini ya mikono, upande mwingine akafunga ku muti ya avoka, akashuka. Mimi nilikuwa napika maharagi ku mbabula, jiko ya moto wa makala, hatua tano hivi. Tulisikia anafagia, kisha hatukusikia kitu.

Pale pale Papa Issaka alifika ku mulango ya parcelle na chumvi na barua dada yangu alizomupatia alete. Alinusa, akaangalia batoto na blanketi zao, akauliza nani iko ndani. Bwana yangu alikuwa anaita Melchior na Melchior hajibu, akatupa koti chini, akaingiza muguu mu tundu. Papa Issaka alimukamata ku mukanda, akamuangusha ku majani. Bwana yangu akamupiga ngumi ya uso, na yeye hakumuachilia. Alisema pole pole, sawa mutu anayefundisha:

« Ukiingia nitatoa maiti mbili. Kamata kamba. »

Kisha akaniambia nizime moto na nitoe batoto mbali. Nilimwanga sufuria yote ya maharagi ku makala. Balivuta kamba babili, Melchior akatoka na uso ya rangi ya majivu, midomo imekuwa bluu, hapumui. Papa Issaka alimulalisha pembeni, mu hewa safi, akampulizia ku kinywa, mara mingi, nikafikiri imeisha, kisha Melchior akakohoa. Siku tatu alilala hopitali. Leo anatembea, anacheka, anakula kwangu kila siku ya Mungu, Jumapili, na kila nikimuona namaliza sala moja.

Nilimuuliza Papa Issaka alijuaje. Alisema mu ujana yake alitumika ku dépôt moja ya mafuta, na aliona barafiki babili banakufa mu citerne moja ya kule, wa kwanza aliingia kusafisha, wa pili aliingia kumuokoa. Alisema mule ndani hakuna hewa ya mutu, ile matope ya chini inaendelea kutoa sumu hata citerne ikae miaka makumi ine bila kazi, na pua inazoea mbio, inaacha kukuonya. Kisha alisema hawezi kutuacha na ile kitu wazi. Alirudi kwetu siku tisa. Mama, ku siku tisa hakuna mutu aliyeingia mule tena, hata yeye. Kwanza alikataza moto na sigara mu parcelle yote. Akavuta mazutu iliyobakia na pompe ya mukono, ikajaa nusu ya pipa tu. Akaacha tundu wazi siku ine, amezungusha miti ili mutoto asianguke. Akakata tuyau, ile bomba inayoenda mu cave, na kuiziba. Matope aliitoa akisimama nje, na kopo alilofunga ku muti murefu, akaichanganya na vumbi ya mbao, na batu ba kuchoma matofali bakaibeba bakaitia mu tanuru yabo. Akaosha ndani na maji na sabuni, na ile maji chafu akaivuta tena mu mapipa, hakumwanga hata tone ku bonde.

Ku siku ya saba alishusha kioo cha camion yake na kamba, jua ikaingia, akaangalia chini ya citerne. Aliniita nione. Kulikuwa tundu, kutu imekula chuma, mikono miwili ingepita pale. Akashika muti, akauingiza mu ile tundu, muti ukaingia mu udongo laini upande wa bonde. Aliangalia bonde, akaangalia source pale chini, bamama banachota. Kisha akaniangalia mimi. Alisema tu: « Mama Kanyere, njia ya mazutu ni hii. »

Nilimwambia merci kwa kazi. Mama Joyeuse, hiyo njo nilisema. Merci kwa kazi. Yeye akaendelea. Siku mbili za mwisho balileta muchanga na bwana yangu na Melchior, bakaichanganya na sima kidogo, ile saruji ya kujengea, na maji, bakajaza citerne mpaka ku shingo, ili isibomoke siku moja na mutu juu yake, na ili mutu asiingie tena kamwe. Nilitaka kumupatia kitu, akakataa kila kitu, akapokea sahani ya ugali na akaenda Beni.

Sasa njo naomba shauri. Mimi nataka kusema ukweli. Bwana yangu anasema hapana, anasema mu hii siku mutu akijulikana ametia sumu mu maji ya quartier, hata kwa bahati mbaya, batasema anatumika na adui, na batu bameuawa kwa neno kidogo kuliko hiyo, na sisi tuko na batoto. Anasema Papa Issaka mwenyewe amenyamaza, kwa nini mimi niseme? Nimefikiri nimutumie mbuzi muzuri kule Bungulu, yeye na Mama Hadjara bajue kama nashukuru, na Mungu anajua moyo yangu. Je, hiyo inatosha? Nisaidie, juu nikisali maneno inakatika mu kinywa.

Ni mimi, Kanyere

*Jibu*

Mama Kanyere,

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya kwanza nililia, juu niliona wale batoto mu mustari na blanketi zao. Kuko mama mingi mu hii muji angependa kuwa mahali pako leo, na batoto ine mezani na shemeji anayecheka. Donc tuanze pale, tushukuru Mungu pamoja. Umefanya muzuri pia kuniandika, na umefanya muzuri kutojificha mu barua yako. Sasa kaa chini, juu nitakukaripia.

Barua yako yote inaongea juu ya moyo yako. Moyo yako, shukrani yako, sala yako. Bamama ba avenue banachota nini leo? Batoto ba jirani banakunywa nini asubuhi hii wakati unasoma karatasi yangu? Wewe unapanda kilima kuchota maji safi, na unabaacha bengine bachote ile ya bonde, mwaka muzima na zaidi. Hiyo haingoji Beni, haingoji mukutano, haingoji ruhusa ya Papa Muyisa. Kesho asubuhi, nenda ku source mbele ya bamama bafike. Baambie mulifungua citerne ya zamani, mulikuta imetoboka, na mazutu imeshuka mu udongo. Hiyo peke yake ni habari ya chuma na kutu, hakuna mutu atakuua kwa hiyo. Baambie kuchemsha haitoi mazutu. Baonyeshe njia ya source ya ng'ambo, ile uliyoficha. Kisha bwana yako na Melchior bachimbe ule udongo mweusi wote, bautoe mpaka bafike ku udongo usionuka, na bachimbe mufereji kati ya citerne na bonde, ili mvua isishushe iliyobakia. Na source isinywewe mpaka mvua ya misimu miwili ipite bila harufu wala rangi juu ya maji.

Juu ya bwana yako. Hofu yake si ya mupumbavu, na usimugombeze. Mimi pia naishi hapa, nasikia risasi ile ile. Lakini anakosea mahali pamoja. Anasema Papa Issaka amenyamaza, kwa nini wewe useme? Papa Issaka amenyamaza juu yeye ni mwenye kuumizwa, na ni haki yake kuchagua. Wewe unanyamaza juu ya nini? Yeye alitoka mu nyumba yake na jina ya mutu anayetia sumu mu maji ya batoto, na mu hii vita ile jina inaweza kumufuata ku barrière yoyote ya basoda ku njia kati ya Butembo na Beni. Kama kuna mutu ile neno inaweza kumuua, ni yeye, na ulimuweka pale na nusu ya ukweli. Ile gunia na ile bidon uliziona. Ulizibakisha mu kinywa.

Na mbuzi, Mama, acha ku kamba yake. Mbuzi haiongei. Ukiituma, Mama Hadjara atafikiri ni ya kushukuru juu ya citerne, atakuombea baraka, na wewe utakuwa umemudanganya mara ya pili.

Fanya hivi. Juma hii hii, wewe na bwana yako mupande gari, muende Bungulu muchana. Muombe kuona bote babili, Papa Issaka na muke yake, juu muke njo alipoteza mulango yake ya kuuzia chai na batu bake. Sema wewe mwenyewe, kwa kinywa, kuanzia ku jembe na udongo mweusi. Usijitetee na vita. Usilie mpaka balazimike kukufariji. Ukimaliza, nyamaza, ngojea. Bakikufukuza, toka na heshima. Bakikuuliza unataka nini, sema unataka kurudisha jina yake mu avenue, na muulize kama yeye anakubali na ni kwa namna gani, juu ile jina ni yake, si yako ya kutangaza kama unavyotaka.

Akikubali, usisimame peke yako mbele ya batu. Nenda kwanza kwa chef d'avenue na kwa catéchiste, mwalimu wa dini wa kanisa yenu, muite na muzee mumoja wa musikiti, baone citerne iliyojaa muchanga na mahali udongo mweusi ulitolewa. Batu batatu ba namna hiyo wakisimama pembeni yako, kinywa za mubaya zitapungua. Mukutano ufanyike muchana, kisha ya misa. Mu ule mukutano sema: niliona gunia, niliona bidon, nilinyamaza, na mazutu ilitoka kwangu. Maneno hayo yanatosha. Kuko batakaoacha kukusalimia. Utabeba.

Na Melchior, umwambie kwa jina yangu: asiingize kichwa mu citerne ingine ku maisha yake yote.

Joyeuse

Basikilizaji, hiyo ilikuwa jibu yangu. Mu mwezi wa tisa Mama Kanyere aliniandika tena, na mu ile barua nasoma kipande tu.

« Mama Joyeuse, nilifanya kama ulivyosema, isipokuwa nililia kidogo, haikuwezekana kuizuia. Nilipobaambia bamama ku source, mumoja, Mama Kasonia, mwenye mutoto aliyeumwa tumbo muda murefu, akamwanga bidon yake mbele ya miguu yangu na akaenda. Anapita karibu yangu mpaka leo sawa mutu asiyeniona, na sina la kumulaumu.

« Beni tulienda siku ya tatu. Papa Issaka alisikiliza mpaka mwisho, akasema alijua toka ile siku ya kioo, na alinyamaza juu alitaka neno itoke kwangu, na kama isingetoka angeiacha kwa Mungu. Mais Mama Hadjara hakujua kitu. Bwana yake hakumwambia. Alisimama, akaingia mu jikoni, tukasikia anawasha moto. Alirudi na chai. Alisema: "Mimi si Issaka. Nina kasirani na wewe, na sijui itaisha lini. Lakini umekuja kusema ndani ya nyumba yangu, na mbele yangu. Kunywa chai." Nilikunywa, Mama Joyeuse. Sijawahi kunywa kitu kwa shukrani namna ile.

« Mukutano ulifanyika. Bwana yangu, aliyenikataza, njo alisimama wa kwanza, akasema yeye alimupiga ngumi mutu aliyeokoa mudogo wake. Nilisema yangu. Chef d'avenue aliomba Papa Issaka musamaha mbele ya batu bote, na bakaandika karatasi, bakatia vidole, ya kusema hakuna kosa lililotoka ku camion yake, na ile karatasi aibebe akipita ku barrière. Nyumba yao ya zamani balimurudishia ufunguo. Mama Hadjara alisema Bungulu amepata barafiki, hatarudi kuishi, na hatukumulazimisha. Source bado tunangojea. Harufu imepungua.

« Melchior haingizi kichwa. Anatembea na Papa Issaka sasa. »

Hiyo ya mwisho njo imenifanya nisome yote leo. Papa Issaka na Melchior bamekwisha kufunga citerne sita za zamani, mu muji na nje ya muji. Juma iliyopita balikuwa Vuhovi, ku nyumba moja ya shamba ya zamani, ambapo familia za bakimbizi zilikuwa zimefungua citerne, bamama bamekwisha kuwekea maji ya kunywa na mahindi karibu na tundu, bakisikia tu risasi bashuke na batoto. Walihesabu batu makumi mbili na tatu. Melchior aliketi nao chini, akabasimulia vile alifagia, na vile hakumbuki kitu ingine mpaka hopitali. Jioni ile ile balifunga mufuniko, kesho yake bakaanza kuvuta matope kutoka nje.

Kama mu parcelle yako kuko mufuniko ya chuma na hujui nini iko chini yake, usiingie, usiwashe moto karibu, usiangalie na taa ya petrole, na usitume mutoto aangalie kwa niaba yako. Ukimuona mutu ameanguka ndani, vuta kamba kama iko, ita batu, lakini usimufuate. Kuja hapa redio, acha jina ya avenue yako kwa mulinzi ku mulango. Papa Issaka anapita Butembo kila siku ya ine, Alhamisi, camion ya bluu, na sasa anaisimamisha tena karibu na ukuta wa Mama Kanyere, sawa zamani. Bamama ba avenue njo bamemuomba.